Miji midogo ya Ujerumani na macho ya watu

Najua nimepotea sana, na habari nimezipata kwamba kuna watu huko kozini wameshaanza kusema nimeolewa na Mjerumani. Mama, kama na wewe zimekufikia, siyo kweli. Nipo, mzima, nasoma, na nimenenepa kidogo kwa sababu ya mikate.

Leo nataka kuongelea miji midogo. Mtu akisikia unasoma Ujerumani swali la kwanza ni Berlin. Berlin nilipita siku mbili tu, nikapotea mara tatu, na sina la maana la kuwaambia. Mimi naishi Bayreuth, mji wa watu elfu sabini na kitu huku kaskazini mwa jimbo la Bavaria, sehemu inayoitwa Oberfranken. Ukiwa na miguu mizuri unautembea wote kwa saa moja na ushee. Watu wa muziki wanaujua kwa sababu Richard Wagner alijenga hapa jumba lake la opera lililofunguliwa 1876. Sisi watu wa Kiswahili tunaujua kwa sababu nyingine kabisa: chuo kikuu chao kinafundisha Kiswahili, na ndiyo maana siku yangu ya kwanza hapa nilisalimiwa "Shikamoo" na kijana mwenye nywele za rangi ya mahindi ambaye kwa umri tunalingana. Nikaitikia tu marahaba, ningefanyaje?

Basi bwana, mwezi wa kumi ulikwenda vizuri. Tatizo lilianza Novemba. Siyo baridi, maana mimi ni mtoto wa Njombe, asubuhi za Juni kwetu majani yanakuwa meupe kwa barafu na tunaenda shule hivyo hivyo. Tatizo lilikuwa Jumapili. Huku Jumapili maduka yanafungwa kwa sheria. Siyo kwamba mwenye duka kaenda kanisani atarudi saa saba, hapana, yamefungwa siku nzima. Mtaani hakuna muziki, hakuna mtoto anayelia, hakuna jirani anayegombana na mtu. Jumapili moja nilikaa chumbani kutoka asubuhi hadi usiku bila kutoa neno hata moja mdomoni. Ilipofika saa nne usiku nikasema "Shikamoo mama" peke yangu, nisikie tu kama sauti bado ipo. Halafu nikafungua kompyuta na kuanza kuangalia bei ya tiketi ya kurudi nyumbani. Sijamwambia mtu jambo hili mpaka leo.

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa Mombasa anayesomea udaktari wa falsafa hapa. Alikuja kuniazima sufuria, akaniangalia usoni, akasema, "Wewe mdogo wangu, utaozea humu ndani. Tiketi ya mwezi si unayo? Basi kila wikiendi panda treni, shuka popote, rudi jioni uniambie ulichokiona." Tiketi yenyewe ni ile inayokubali mabasi na treni zote za kawaida nchi nzima, isipokuwa zile za mwendo kasi. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, na ilipofika 2025 ikawa 58. Kwa mwanafunzi ni pesa, ila nilikuwa nimeshalipa. Nikaona kweli, kwa nini nilipie kisha nikae?

Safari ya kwanza hata haikuwa safari, ilikuwa ajali. Nilikwenda Nürnberg, ambao ni mji mkubwa, kutafuta unga wa ugali kwenye duka la Waafrika. Nikaupata, kilo tano, nikapanda treni ya kurudi nikiwa na furaha zangu. Sasa sikilizeni ujanja wa Wajerumani: treni inaondoka moja, lakini njiani inakatwa vipande viwili! Kipande kimoja kinakwenda Bayreuth, kingine kinakwenda kwingine. Tangazo lilitolewa, nikalisikia vizuri kabisa, nikadhani wanatukumbusha tusisahau mizigo. Kuja kushtuka, nje kumeshakuwa giza, majina ya stesheni siyajui hata moja, na treni inaishia mahali panaitwa Marktredwitz, karibu na mpaka wa Czech.

Nikashuka na unga wangu. Ilikuwa kama saa kumi na mbili jioni lakini giza lake ni la saa nne usiku. Jukwaani watu wachache, wote wananiangalia. Niseme ukweli, niliogopa. Kabla sijaja huku kila mtu alikuwa na hadithi ya kunionya kuhusu miji midogo: usiende peke yako, kuna watu hawataki weusi. Na hadithi hizo siyo zote za uongo, kuna wenzetu yamewapata. Kwa hiyo alipoanza kunifuata mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya manyoya, nilikumbatia unga kama mtoto.

Mzee akanisalimia, "Grüß Gott." Huku kusini ndiyo salamu yao, maana yake ni kama Mungu akusalimu. Akaniuliza naenda wapi. Nikasema Bayreuth. Akatikisa kichwa, akasema maneno mengi ambayo sikuyaelewa. Watu wa hapa wanaongea lahaja yao, r inaviringika kama ya kwetu, na p na b kwao ni kitu kimoja, kama tunavyotaniana sisi na r na l. Alipoona sielewi, akanipeleka kwenye ubao wa ratiba, akaweka kidole kwenye treni, akanionyesha pa kubadilishia. Halafu akakaa kwenye benchi. Nikadhani naye anasubiri treni. Treni yangu ilipofika, mzee akasimama, akahakikisha nimepanda behewa sahihi, akainua kofia, akaondoka kwenda nje ya stesheni. Yaani hakuwa anasafiri! Alikaa kwenye baridi dakika zaidi ya arobaini ili mimi nisipotee mara ya pili.

Dada wa Mombasa alicheka mpaka akakaa chini. Tukasonga ule ugali usiku huo huo.

Kuanzia hapo nikawa natoka kila Jumamosi au Jumapili. Bamberg ndio ulionimaliza moyo. Kama utapata nafasi ya kuja Ujerumani na una siku moja tu, achana na kwingine. Mji wa kale umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1993, na vita vya pili havikuuharibu sana, kwa hiyo nyumba unazoziona ni zenyewe. Halmashauri yao ya zamani imejengwa katikati ya mto! Wenyeji wanasimulia kwamba askofu alikataa kuwapa wananchi ardhi, nao wakaenda kupigilia nguzo mtoni wakajenga hapo hapo. Kama ni kweli ama hadithi, mimi nimeipenda, maana migogoro ya viwanja kumbe haikuanzia kwetu.

Nikala Klöße, ambayo ni mabonge ya viazi yanayoshikana kama ugali, na mchuzi wa nyama ya nguruwe. Mtu wa Njombe akipewa viazi na kitimoto atake nini tena? Wana na bia inayonukia moshi, kwa sababu kimea chake kinakaushwa kwa moto wa kuni. Nilionja kidogo kwa ajili ya utafiti (mama, kidogo tu). Ni kama kunywa nyama choma.

Lakini Bamberg huo huo ndiko yalikonianza haya mawazo ya macho. Kwenye mji mkubwa hakuna anayekuangalia, unaweza hata kudondoka wakakuruka. Kwenye mji mdogo unaangaliwa. Ukiingia duka la mikate watu wote wanasema "Grüß Gott", na hiyo ni raha, ni kama nyumbani unapopita mbele ya watu na lazima usalimie. Lakini baada ya salamu macho hayaondoki. Yanakwenda kwenye nywele, yanarudi kwenye uso, yanakwenda kwenye mikono. Siyo macho ya chuki, nimeshajifunza kutofautisha. Ni ya kuangalia tu, kama vile mimi ni dirisha la duka.

Kwenye treni ya kurudi akakaa mbele yangu mama mmoja na binti yake wa miaka minne hivi. Mtoto akaangalia rasta zangu, akaangalia, akaangalia, halafu akanyoosha mkono akashika moja na kuivuta taratibu. Mama yake akawa mwekundu kama nyanya, akaomba radhi mara kumi. Nikamwambia hakuna shida. Na kweli kwa mtoto hakukuwa na shida. Shida ilikuja baadaye, treni inakwenda, mimi naangalia nje, nikamkumbuka Mzungu.

Nikiwa kidato cha pili, alikuja shuleni kwetu kijana wa Kijerumani wa kujitolea. Alikaa mwaka mzima, akatufundisha hesabu. Tulimpenda sana, mtu asiniambie vinginevyo. Tulikuwa tunagombania kukaa karibu naye ili tuguse vile vinywele vya mkononi, tukivivuta tunacheka. Akipita sokoni watoto wanamfuata kwa mstari wakiimba "Mzungu! Mzungu!" na sisi wakubwa tunacheka nao. Mzungu njoo. Mzungu piga mpira. Mzungu leo umeungua na jua. Mwaka mzima! Na pale kwenye treni nikajaribu kukumbuka jina lake... halipo. Nikasema nitalikumbuka kabla ya kufika Bayreuth. Nikafika Bayreuth, halipo.

Sasa twende Coburg, ambako ndiko nilikotaka kuwapeleka tangu mwanzo.

Coburg ni mji wa watu elfu arobaini na kitu, una ngome kubwa juu ya kilima. Ngomeni humo Martin Luther alikaa miezi kadhaa mwaka 1530, na kwa sisi tuliolelewa KKKT hiyo peke yake inatosha kulipia safari. Katikati ya mji kuna uwanja wa soko, na kwenye uwanja kuna vibanda vya soseji. Soseji zenyewe wanachoma kwa yale matunda makavu ya miti ya paini, yale yale ambayo Njombe tunaokota kuwashia moto. Harufu ilinifikia kabla sijaona kibanda, nikajikuta machozi yananilenga kwa ajili ya jiko la bibi yangu. Kazi kweli kweli.

Nikakaa chini ya sanamu nile. Kutazama juu, ni sanamu ya Albert, mume wa malkia Victoria wa Uingereza. Alizaliwa jirani na hapa mwaka 1819, na sanamu ni zawadi ya Victoria mwenyewe, ilizinduliwa 1865. Ninyi wa Historia mmeshafika kabla yangu: ndiye yule wa Ziwa Albert! Samuel Baker alilifikia 1864, akalipa jina la mtu wa Coburg ambaye alikuwa ameshakufa na hakuwahi kukanyaga kule, wakati Wanyoro walikuwa na jina lao, Mwitanzige. Na mkewe ndiye wa ziwa la Mwanza. Nikasema makubwa haya, mke na mume wamegawana maziwa yetu, na kumbe mume ni kijana wa mji mdogo kama Njombe tu.

Nikiwa bado nacheka peke yangu, nikaangalia chini nitafute pa kutupa karatasi ya soseji. Miguuni kwangu kulikuwa na mfuniko wa chemba ya maji machafu. Na kwenye mfuniko kuna kichwa cha mtu mweusi.

Sijui niwaelezeje. Kichwa kimechorwa kwa upande, midomo minene, nywele za kipilipili, hereni sikioni. Nilikuwa nimekikanyaga. Nikaruka kando. Nikatembea hatua kadhaa, mfuniko mwingine, kichwa kile kile. Nikainua macho, kipo na kwenye nembo ya mji. Soseji ikagoma kushuka. Kwanza nikataka kupiga picha niwatumie niseme tazameni wanavyotufanya huku. Halafu nikaona aibu kupiga picha, kwa sababu watu walikuwa wananiangalia, na nilijua wanachokiona: mtu mweusi anaangalia kichwa cha mtu mweusi.

Jirani na pale kuna kanisa linaitwa St. Moriz. Nikaingia, labda kwa sababu nilitaka mahali pa kukaa. Kulikuwa na bibi mmoja anayekaribisha wageni. Alinisalimia, halafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza kwanza tangu nifike nchi hii. Wote huanza na unatoka wapi. Yeye akauliza, "Unaitwa nani?" Nikamwambia Upendo. Akalitamka vizuri tu, akauliza maana yake, nikamwambia, akafurahi sana.

Nikajikaza, nikamuuliza kuhusu kile kichwa. Kijerumani changu kilikatika katika, lakini akaelewa. Akasema huyo ni Mtakatifu Moritz, ndiye Mauritius, mlinzi wa mji wetu, ndiye mwenye kanisa hili. Kwa masimulizi ya Kikristo alikuwa kamanda wa jeshi la Kirumi kutoka Misri, akauawa na askari wake kwa sababu waligoma kutii amri iliyopingana na imani yao. Wajerumani wa zamani walimchora mweusi na wakamheshimu hivyo hivyo. Kisha bibi akaniambia jambo ambalo baadaye nililisoma nikakuta ni kweli: mwaka 1934 wafuasi wa Hitler walikiondoa kichwa hicho kwenye nembo, wakaweka upanga na msalaba wao, kwa sababu hawakutaka mtu mweusi awe nembo ya mji wa Kijerumani. Na Coburg hawakuwa wageni wa mambo hayo, chama cha Hitler kilishika wingi wa viti vya halmashauri yao mapema, mwaka 1929. Kichwa kilirudishwa 1945. "Kwa hiyo kwetu," akasema, "yeye kuwepo maana yake ni kwamba wale hawapo."

Nikanyamaza. Akaniuliza taratibu, "Anakuumiza?"

Hapo ndipo nilipokwama. Nikamwambia kwanza ndiyo, halafu nikasema sijui. Nikamwambia hadithi yake ni nzuri, lakini mfuniko hausemi hadithi. Mtu anayepita haoni kamanda aliyekataa amri mbaya, anaona midomo na hereni. Jina lake limeandikwa humu kanisani, kule nje kuna kichwa tu. Bibi akafikiri, akasema, "Nimekanyaga hapo miaka sabini, sijawahi kuwaza hivyo." Hakukasirika, na mimi nikajikuta sijakasirika tena kama mwanzo. Mwaka 2020, baada ya George Floyd kuuawa kule Marekani, walitokea watu waliotaka nembo ibadilishwe na wengine wengi wakapinga, na kichwa hadi leo kipo. Mimi mwenyewe kama ningepiga kura siku ile sijui ningepiga ipi.

Wakati narudi stesheni nilitembea nikiangalia chini, na nikaona kitu kingine. Vijiwe vidogo vya shaba vimepandwa kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba. Vinaitwa Stolpersteine, viko miji mingi ya huku. Kila kimoja kina jina la mtu aliyekuwa akiishi nyumba hiyo, mwaka wa kuzaliwa, na Wanazi walimpeleka wapi. Nikainama nikasoma majina yote ya nyumba moja. Hivyo navyo watu wanavikanyaga, lakini ukitaka kuvisoma inabidi uinamishe kichwa, na ukimaliza unamjua mtu kwa jina.

Nimewaza sana kuhusu bibi yule. Maana yeye na mji wake wanampenda Moritz wao, kama sisi tulivyompenda Mzungu wetu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Tulimshika, tulimfuata, tulimwimbia, na tukamkanyaga jina mwaka mzima. Mwakani nikiwa mbele ya darasa, kuna mwanafunzi atakayekuwa tofauti na wenzake, albino, Mhindi, mgonjwa, aliyehamia kutoka mbali, sijui nani, na darasa litampa jina la ngozi yake au la mguu wake huku likicheka kwa upendo kabisa. Nataka nikumbuke jukwaa la Marktredwitz na mfuniko wa Coburg siku hiyo. Na nataka swali langu la kwanza liwe lile la bibi.

Bei za tiketi za kurudi siangalii tena. Nimebakiza wiki chache za muhula na nina miji minne kwenye orodha.

Ila nina ombi kwa wale niliosoma nao kidato cha pili. Nimeshawauliza watano kwenye simu. Wote wanamkumbuka Mzungu, wanakumbuka baiskeli yake, wanakumbuka alivyoanguka kwenye tope siku ya mahafali. Jina hakuna anayelijua. Mwalimu wa taaluma naye amesema atatafuta kwenye kumbukumbu za shule. Kama kuna mtu ana daftari la hesabu la mwaka ule na alisainiwa na yeye, naomba aangalie sahihi aniandikie.

Wiki ijayo nina mtihani wa mdomo, niombeeni. Nawapenda, kaeni salama.